Naomba ushauri: pampu ya sola kisimani, betri au tangi kubwa?

Wakuu habari zenu. Tuna kisima kirefu ambacho tunataka kukitoa kwenye jenereta ya dizeli tukiweke kwenye sola. Maji yanapanda mita 60 hadi kwenye tangi, na mahitaji ni lita 10,000 kwa siku. Kuinua maji hayo peke yake kunataka kama uniti 1.6 za umeme. Nikichukulia pampu na mota vina ufanisi wa asilimia 40, inafika uniti 4 hivi (msuguano wa mabomba bado sijauweka).

Fundi anasisitiza betri ili pampu ifanye kazi hata usiku. Mimi naona betri inapoteza umeme wakati wa kuchaji na kutoa, tena huchoka mapema, wakati tangi likijazwa mchana kazi imeshaisha. Ila siku za mawingu mfululizo zinanitia wasiwasi.

Mliofunga mfumo huu, tangi liwe la kutosha siku ngapi? Na linaloniumiza kichwa zaidi: jua likiwa bure, pampu itavuta kutwa nzima. Nitajuaje kisima hakizidiwi? Kupima kina cha maji mara kwa mara kunatosha, au lazima kiwepo kifaa cha kuzima pampu maji yakishuka?