Nukleolasi haina utando, mbona haimwagiki? Fomu Faivu wamenikaba

ticha_makulu
Habari za jioni wadau. Nafundisha baiolojia sekondari moja hapa Dodoma. Juzi nachora seli ubaoni huku nahesabu, mitokondria tando mbili, kiini tando mbili, lisosomu utando mmoja, nikafika kwenye nukleolasi, kile kidoa kilicho ndani ya kiini, nikasema hii haina utando, nikawa nataka nipite zangu. Binti mmoja dawati la nyuma akanyoosha mkono, "Sir, kama haina utando nani anaishika pale? Si ingeshachanganyika na vingine?" Darasa lote kimya linanitazama mimi. Nikamwambia swali zuri, tutaliona kipindi kijacho, na walimu wenzangu mnajua hiyo maana yake nini 😅 Kitabu kinasema haina utando, nukta, kinahamia ukurasa mwingine. Kipindi ni alhamisi. Mwenye uelewa anisaidie ila kwa lugha ya binadamu.

supu_ya_singida
Pole ticha, ila huyo binti ana akili, maana nukleolasi watu wameanza kuiona kwenye maikroskopu tangu miaka ya 1830 huko na jibu la kueleweka limekuja juzi tu. Iko hivi, umeshakaa mbele ya bakuli la supu ya kuku wa kienyeji, yale matone ya mafuta yanaelea juu, hakuna mfuko ulioyashika lakini mpaka yanao, ukiyasogeza na kijiko mawili yakagusana yanameza mwenzake linakuwa moja la duara. Sasa mwaka 2009 Clifford Brangwynne na Anthony Hyman na wenzao wa Dresden, Ujerumani, walikuwa wanachungulia kiinitete cha mnyoo mdogo sana anaitwa C. elegans, kikiwa bado seli moja. Ndani kuna vichembe ambavyo watu walivichukulia kama punje tu. Wao wakaviona vinaungana, vinatiririka pembeni ya kiini, vinadondoka kama maji. Tena vinayeyuka upande mmoja wa seli vinajikusanya upande wa pili, upande ambao baadaye ndo unatoa seli za uzazi. Miaka miwili mbele wakaonyesha nukleolasi za yai la chura nazo tabia ni hiyo hiyo. Ni tone ticha, haijashikwa na mtu.

msalato_jumamosi
Supu kwa kuanzia sawa ila itamponza ticha, mtoto ataenda kuandika kwenye mtihani nukleolasi ni mafuta. Mafuta yanajitenga kwa sababu hayapatani na maji, wakati haya matone ya seli yana maji ndani na maji nje, kinachoyakusanya ni protini na RNA (nakala za jeni, nyingine ndo maelekezo ya kutengeneza protini) kushikana zenyewe kwa zenyewe. Protini nyingi za humo zina kipande ambacho hakijajikunja, kimelegea kama uzi, na kwenye huo uzi kuna sehemu nyingi za kunata kidogo kidogo. Mshiko mmoja ni dhaifu, unaachia saa hiyo hiyo, ila mishiko ni mingi.

Chukua mnada wa Msalato jumamosi saa nane mchana. Pale kwenye nyama choma hakuna ukuta ila ukisimama mbali unaona kabisa msongamano umeishia wapi. Huyu anatoka na nyama yake kwenye gazeti, yule anaingia, baada ya saa moja msongamano uko palepale ila watu siyo wale. Na hicho ndo wanachopima maabara, wanaipa protini rangi inayong'aa, wanaiunguza ile rangi kwa leza kipande kimoja cha tone panakuwa giza, halafu wanasubiri. Kwenye matone mengine ni sekunde chache tu panang'aa tena maana protini nyingine zimeshaingia. Ingekuwa punje ngumu giza lingebaki.

Halafu kuna kiwango. Protini zikiwa chache hupati kitu, zikivuka kiwango matone yanatokea ghafla, kama mnadani asubuhi saa moja, watu kumi wametawanyika huwezi kusema kuna msongamano. Ndo maana seli inaweza kutengeneza chumba na kukivunja bila kuhangaika na ukuta. Ikipigwa na joto kali inakusanya RNA zake kwenye matone, utengenezaji wa protini nyingi unasimama, joto likipita yanayeyuka kazi inaendelea.

hgk_2009
Mimi nilisoma HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili), nimefungua uzi kwa sababu ya jina la huyo wa supu. Endeleeni.

bwana_mifugo_kongwa
Naongeza la kwetu. Chuoni tulionyeshwa slaidi ya ubongo wa mbwa aliyekufa na kichaa, ndani ya seli za neva unaona madoa mekundu ya duara, tunayaita Negri. Adelchi Negri, Mwitaliano, aliyaeleza 1903 akadhani ndo kimelea chenyewe. Sisi tuliambiwa ukiyaona andika kichaa cha mbwa, basi. Kumbe 2017 watafiti wa Ufaransa wakaonyesha kwamba ni matone ya kimiminika, kirusi anayatengeneza kwa protini zake na ndimo anamojinakili, yaan kajijengea karakana isiyo na ukuta ndani ya nyumba ya mtu. Niliposoma hiyo nikaikumbuka ile slaidi, na mimi nilivyoyachora kwa penseli nyekundu nikayakolezea mpaka yakawa kama mawe.

Ila tone nalo likikaa sana linaweza kuharibika. Asali ya Manyoni ukiiacha kwenye ndoo mwezi wa saba inaganda chenga chenga. Kuna protini inaitwa FUS, 2015 walionyesha matone yake kwenye maabara yanaanza majimaji, masaa yakipita yanageuka nyuzi ngumu, na ile yenye kasoro ya wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, inaganda haraka zaidi. Asali ukianika juani inarudi. Hizo nyuzi hazirudi kirahisi hivyo.

msalato_jumamosi
Safi sana mkuu. Tahadhari tu, siyo kila kidoa kwenye picha ya seli ni tone, siku hizi hii mada imekuwa fasheni, mtu anaijaza seli protini kupita kiasi halafu anashangaa kuona vidoa.

ticha_makulu
Nimerudi wakuu. Alhamisi nimetumia vyote, supu na Msalato, darasa limecheka mpaka mwalimu wa jirani kachungulia dirishani. Yule binti hakucheka. Anasema, "Sir, kwenye supu matone mwisho yanaungana yanakuwa makubwa. Kwenye hilo yai la chura mbona hayajawa moja?" Jamani.

supu_ya_singida
😂😂 Huyo mpe chaki. Mwambie kiini cha yai la chura wa Xenopus ni kikubwa mpaka unakiona kwa macho, ndani kina mamia ya nukleolasi na zimezungukwa na wavu mwembamba wa protini inaitwa aktini. 2013 Brangwynne na mwenzake wakauvuruga ule wavu. Nukleolasi zikaanza kushuka zenyewe kwa uzito kama viazi kwenye sufuria, zikifika chini zinagusana, zinaungana.