Fundi kafungua injini chini, kafunga bila kupima. Wiki tatu tu imenoki!

Wakuu, nina hasira hata mikono inatetemeka, ila acha niandike.

Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE ya cc 1497. Ilikuwa inavuja oili kidogo tu kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nikaipeleka gereji moja hapa Dar, fundi akaniambia, "Bosi, sampu tunashusha, tubadilishe na beringi kabisa, gari ikae miaka." Nikamwamini. Laki nane na nusu ikanitoka.

Wiki tatu baadaye, kwenye foleni ya Kimara, taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka kila ninaposimama. Nikikanyaga mafuta taa inazima. Nampigia: "Swichi hiyo bosi, endesha tu." Endesha tu! Taa ile haihesabu oili, inalia presha. Kijiti kilionyesha oili imejaa. Siku ya pili injini ikawa inagonga, ko-ko-ko, na ukikanyaga ndiyo inazidi.

Nikaivuta hadi kwa mzee mmoja fundi, akashusha sampu nikiwa nimechuchumaa pembeni. Wakuu, chujio la pampu ya oili limejaa vipande vya silikoni, vimekunjamana kama bigijii iliyotafunwa. Yule bwana alimimina silikoni sampu nzima, iliyozidi ikachomoza ndani, ikakatika, ikavutwa na pampu. Oili haikupanda, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikazunguka kavu.

Konrodi namba 3, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ndiyo iliyoniumiza roho. Vipande viwili vya beringi yake, vinavyokumbatia krenki, vimezunguka, kimoja kimepanda juu ya mwenzake, vimekuwa vyembamba kama karatasi. Ule weupe wake umelika, imebaki rangi ya shaba. Shingo ya krenki ina mistari, ukipitisha ukucha unakwama.

Na bado. Kofia za konrodi 2 na 3, zile nusu za chini zinazofungwa kwa boliti, zimebadilishana! Kila kofia ina konrodi yake, hazichanganywi hata siku moja. Boliti zake zinakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kisha unaongeza digrii 90. Yule alikaza kwa nguvu za mkono. Beringi nazo zinachaguliwa unene kwa namba zilizogongwa kwenye vyuma vyenyewe vya injini, maana nafasi ya oili pale ni sehemu chache tu za mia za milimita. Yeye alituma kijana dukani akalete "za IST". Maikromita, kifaa cha kupimia unene, gereji ile hawana, nimeuliza.

Sasa ananiambia eti oili yangu ilikuwa feki, nitafute injini ya mtumba anifungie kwa laki mbili. Hapana. Krenki naipeleka kusagwa, kama mistari itaisha kwa milimita 0.25, na yeye ndiye atakayelipa.

Beringi na ile silikoni nimeviweka kwenye kopo, Jumatatu naingia navyo gerejini kwake. Risiti ninayo, imeandikwa kwa mkono. Aliyewahi kumdai fundi hadi akalipwa, alianzia wapi? Serikali ya mtaa au polisi?