Kaskazi yaja na ukoka wangu ndio huu: nifanyeje?

BintiBamburi:

Assalaam aleikum wenye bustani.

Nina kiwanja cha majani mbele ya nyumba ya mamangu hapa Bamburi, upande wa juu wa barabara ya Malindi, si ufuoni. Nimekipima kwa utepe wa fundi: mita 9 kwa 6. Majani ni ukoka wa kawaida. Aliupanda marehemu babangu, kishina kwa kishina, alivyokuwa akirudi navyo kazini ndani ya mfuko wa nailoni.

Kaskazi iliyopita, ile miezi ya jua kali na ukame, ilinitia aibu. Kufika Februari kiwanja kizima kilikuwa rangi ya mkeka mkuukuu, na ukikanyaga majani yanalia kau kau chini ya ndara. Mvua ya masika ilipoteremka yakarudi, lakini si yote. Pembe iliyo chini ya mti wa mkungu imebaki kipara mpaka leo, na katikati gugu la ndago limeingia kama lililoalikwa.

Sasa, nina kaka yuko Uingereza. Kila ukifika mwezi wa kumi yeye huyaandaa majani yake kwa baridi. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba: fagia majani ya mti yaliyoanguka, toboa ardhi kwa uma, tia mbolea ya kufungia msimu, kata juu juu, kisha yaache. Mama alipousikia akacheka, "Huyo kesho atakwambia uyafunike blanketi."

Nami nikawaza. Baridi yetu ni kipupwe tu, ile ya mwezi wa saba mtu akiongeza shuka la pili inamtosha, na ndipo majani yanaponawiri. Anayetuua sisi ni jua la Januari. Je, haya ya kaka yana faida hapa Mombasa, ama nitakuwa napoteza pesa?

Maji yangu ni ya kisima na yana chumvi, chai yake hainyweki. Mfereji huja siku mbili kwa wiki ukibahatika. Mashine sina. Nakatiwa na kijana kwa fyekeo, naye hukata mpaka udongo unaonekana. Nikilalamika anasema, "Dada, hivi ndiyo itakaa kitambo."

KabroTu:

Ng'oa, mwaga kokoto, laza kabro, yale matofali ya zege ya kutandaza chini. Mie nimefanya hivyo Mtopanga na sijui tena habari ya majani wala mbolea. Ufagio na ndoo moja, basi.

BintiBamburi:

@KabroTu Nashukuru, ila mamangu hukaa pale kila alasiri na jirani zake, mkeka chini, kahawa katikati. Ukimkalisha kwenye kabro saa tisa ya kaskazi utakuwa umemweka kwenye kikaango. Majani sing'oi.

MzeeWaReki:

Binti, mie nimekata majani ya hoteli moja ya pwani ya kaskazini miaka 22. Nimestaafu, nimebaki na reki na mgongo mbovu. Kaka yako usimcheke. Kazi alizokutajia ni sawa zote. Sababu ndiyo mbali, na sababu ikibadilika tarehe nazo hubadilika.

Kule majani hulala kwa baridi. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 5 au 6 hayakui tena. Ukoka wako ni mmea wa joto, hizi nyuzi 32 za Februari hauzijali. Kinachoulaza ni kiu. Ukikosa maji huachilia majani ya juu yakauke, uhai ukarudi ndani ya vile vishina vinavyotambaa. Kwa hivyo ule mkeka mkuukuu ulikuwa usingizi, na ndiyo maana mvua iliuamsha. Palipokufa ni pale kwenye kipara, na hapo nina washukiwa wawili: udongo na huo mkungu.

Udongo kwanza. Chukua mtaimbo uchimbe pale penye kipara. Ukigonga jiwe kabla ya shibiri moja, usishangae, Bamburi yote imekalia matumbawe. Yale machimbo ya saruji ambayo leo watu huenda kutazama viboko, Haller Park, yalikuwa uwanja mweupe wa jiwe hilihili. René Haller alipoanza kupanda miti pale 1971, mvinje ndio uliokubali zaidi, na hata huo sindano zake zilidondoka zikakaa juu ya jiwe haziozi, mpaka yalipoletwa majongoo yakazila, ndipo udongo ukaanza kupatikana. Nakwambia haya uelewe kwamba juu ya jiwe letu maji hupita kama kwenye chujio. Usipotia kitu kilichooza cha kuyashika, utamwagilia mpaka uzeeke.

Basi subiri vuli ilainishe ardhi. Mvua mbili tatu nzuri zikishapiga, chukua jembe uma, lichome mpaka meno yaingie vidole vinne, litikise kidogo, litoe, sogea nusu hatua, choma tena. Usijaribu ardhi ikiwa kavu, meno yatapinda. Mie nimepinda mawili na nimelipishwa moja. Kisha changanya mchanga sehemu mbili na samadi sehemu moja, umwage juu, usambaze kwa mgongo wa reki mpaka uingie kwenye matundu. Ncha za majani lazima zionekane. Ukizifunika umezizika.

Mchanga uwe wa mto. Ule wa ufuoni una chumvi na makombe. Samadi iwe imeoza miezi, iwe nyeusi, ukiinusa haikuchomi pua. Mbichi itakuletea mbegu za magugu kutoka tumboni mwa ng'ombe. Na mtu wa bara akikwambia utie chokaa, mshukuru umwache aende zake. Kwao udongo una asidi. Sisi tumejenga nyumba juu ya chokaa.

Mbolea: 17-17-17, ile yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawa kwa sawa, kilo moja kwa kiwanja chako chote, isizidi, mara moja tu mwanzoni mwa vuli, majani yakiwa makavu, kisha maji juu yake. Novemba ikiisha, funga mfuko. Kutia mbolea Januari ni kumlisha mtu pilau ya harusi na maji ya kunywa hakuna.

Sasa huyo kijana wa fyekeo. Mkalishe, mpe soda, mwambie tangu Desemba majani yasishuke chini ya vidole vitatu vya kulaza, na kila akikata asitoe zaidi ya thuluthi moja. Jani refu hutia kivuli kwenye udongo wake lenyewe, na mizizi hushuka ikifuata urefu wa jani. Yeye anakukatia kipara halafu jua linamalizia kazi.

Maji nayo yahesabu kabla hujaahidi kitu. Ukitaka kijani kamili wakati wa kaskazi, ukoka wataka kama milimita 25 kwa wiki. Kwa mita zako 54 za mraba hizo ni lita 1,350, yaani kama mitungi 67 ya lita 20. Nani atavuta mitungi 67? Mie ningekata shauri hivi: pale mamako anapotandika mkeka, tuseme mita 3 kwa 3, papewe haki yake kamili, mitungi 11 kwa wiki, imwagwe mara mbili baada ya swala ya alfajiri, ishuke ndani. Kule kwingine kuache kulale, ukipe milimita 12 tu kila wiki mbili ili vishina visife. Kurashia rashia kila jioni kwa mpira ni hasara. Maji hubaki juu, na mizizi huyafuata huko huko juu.

Msikwao_Leicester:

Mie ni wa Kisauni, niko huku mwaka wa tisa. Nimwongezee kaka ushahidi. Hapa mwezi wa kumi kazi kubwa ni majani ya miti. Ukiyaacha juu ya nyasi yanalowana, yanakuwa kama bati la matope, na chini yake nyasi zinageuka njano kwa kukosa mwanga. Mbolea tunayotia sasa ina naitrojeni kidogo na potasiamu nyingi, kwa sababu hutaki machipukizi laini yakutwe na baridi. Pia kuna kuvumwani, yule wa kijani anayemea penye unyevu na kivuli, huuawa kwa salfeti ya chuma akageuka mweusi, kisha unamkwangua kwa reki.

Na jambo moja ambalo nyinyi hamtalipata milele: asubuhi ya jalidi, umande ukiwa umeganda, usikanyage. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka na kandambili kwenda kutupa taka, nikakatiza katikati ya uwanja. Maji ya ndani ya jani huwa yameganda, ukilikanyaga unalivunja. Baada ya siku chache nyayo zangu zilionekana moja moja, za kahawia, kutoka mlangoni mpaka pipa la taka. Mwenye nyumba akazihesabu.

MkaziKizingo:

Mzee kasema yote ila kaipita chumvi, nayo kwangu mie ndiyo ngoma yenyewe. @BintiBamburi, tazama ncha za majani yako mwezi wa pili. Zikiwa zimeungua kahawia huku chini bado kijani, na udongo una unga mweupe juu, hiyo si kiu peke yake. Maji hukauka kwa jua, chumvi hubaki, wiki kwa wiki inajilundika. Na kaskazi ikizidi, visima vyetu vya karibu na bahari huzidi chumvi kwa vile watu wanavuta sana na mvua haijazi.

Nifanyavyo: maji ya mfereji nayahifadhi kwenye pipa kwa ajili ya sehemu ninayoithamini, kisima kwa kwingine. Na nikimwagia ya kisima namwaga mengi kwa mara moja yaisukume chumvi chini, kuliko kidogo kidogo. Mvua ya vuli ndiyo dawa kubwa. Toboa kabla haijaisha ili ioshe.

Kuhusu chini ya mkungu, hapo na mzee tutatofautiana kidogo. Hata utengeneze udongo wa peponi, ukoka hautaki kivuli. Jaribu yale majani mapana ya bafalo, yanavumilia kivuli na chumvi pia. Mie yangu yamekaa chini ya mwembe tangu 2014. Na kama kisima kikizidi kuwa kibaya, kuna paspalamu ya pwani, hiyo hustahimili chumvi kuliko zote, lakini uipate kwa mtu mwenye nayo kweli. Nishauziwa ndago kwa jina lake.

MzeeWaReki:

@MkaziKizingo Umenishika, chumvi niliisahau. Hotelini tulikuwa na maji yetu mazuri, mtu akishiba husahau njaa. Bafalo pia nakubali, ila akate matawi ya chini ya mkungu kwanza.

Ndago usiing'oe kwa kuvuta. Ule mzizi una vinundu kama njugu, ukivuta jani moja vinundu vinabaki chini kila kimoja kichipue chake. Chimba kwa kisu kirefu, utoe na vinundu, uvitie kwenye mfuko, usivitupe kwenye samadi. Ni kazi ya misimu, si ya Jumamosi moja.

BintiBamburi:

Narudi na habari. Leo asubuhi nimechimba penye kipara. Mtaimbo umegonga jiwe kabla hata shibiri haijatimia, kiasi cha kiganja tu. Katikati ya kiwanja nimepata shibiri na nusu, udongo mwekundu. Kumbe babangu alikuwa akimwaga udongo huko katikati na kule pembeni hakufika. Mama anasema alikuwa akiuleta na wilibaro ya kuazima, mwenyewe akaja kuichukua kabla kazi haijaisha.

Kijana wa fyekeo nimempa soda. Kasikiliza, kakunja uso, kisha kauliza kama nikitaka marefu hivyo nitamlipa bei ile ile. Nimemwambia ndiyo.

Kisha nimetizama huo mkungu nikacheka peke yangu. Majani yake yameanza kuwa mekundu, mengine yashaanguka, mapana kama sahani. Nimeyapiga picha nikamtumia kaka, nikamwandikia, "Na sisi tunafagia." Kanijibu kwa sauti tena, dakika nne.

Nimefagia gunia moja na nusu. Swali la mwisho, mzee wangu: haya majani ya mkungu niyatie kwenye lundo la samadi yaoze, ama yana madhara?

MzeeWaReki:

Yatie, lakini yakatekate kwanza kwa panga, ni magumu. Yakiwa mazima utayakuta mwakani kama ulivyoyaacha. Na lundo lisikae juu ya kipara, liweke pembeni, mbali na kisima.

KabroTu:

Gunia moja na nusu, na mwezi wa kumi haujaisha. Nambari ya fundi wangu wa kabro ninayo.