Naomba ushauri: biskuti za haraka zenye vitu vichache, zisitawanyike kwenye trei wala zisiwe ngumu

Mama Wawili

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kwa wanaojua kuoka.

Nataka kuwa natengeneza biskuti nyumbani, zenye vitu vichache tu: unga wa ngano, sukari, siagi au majarini, chumvi kidogo, na vanila ikiwepo. Mayai siweki kabisa kwa sababu mwanangu wa pili yanamdhuru, akila anavimba midomo. Nimechoka kusoma maandishi madogo ya nyuma ya pakiti kila ninaponunua. Tena ziwe za haraka, za kuanza nikitoka kazini na watoto wale kabla ya kulala.

Shida ni hii. Kuna siku zinatawanyika zinashikana trei nzima. Kuna siku zinatoka na umbo zuri, ila zikipoa ni ngumu, mtoto anazing'ata anaacha. Vipimo ninavyotumia: unga vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, majarini robo tatu ya kikombe, beking pauda kijiko kimoja cha chai, na maziwa kidogo ili donge lishikane. Nakanda mpaka linakuwa laini kabisa, nasukuma, nakata kwa mdomo wa glasi. Oveni naweka 200.

Kosa liko wapi? Nawasilisha.

Mpenda Chai

Ngoja waje wataalamu. Nami naweka kambi hapa, za kwangu zinatawanyika hivyo hivyo.

Fundi wa Oveni

Mama Wawili, umefanya vyema kutaja vipimo, maana jibu limo humo humo.

Sukari yako ni nyingi mno. Kikombe cha sukari ni kama gramu 200, na vikombe viwili vya unga ni kama gramu 250. Kwa hiyo sukari inakaribia kulingana na unga. Sukari ikipata joto inayeyuka, inalainisha donge, biskuti inatambaa. Ikitoka kwenye oveni ikapoa, sukari ile ile inaganda. Kutawanyika na kuwa ngumu unaviona kama maradhi mawili, kumbe chanzo kwa sehemu kubwa ni kimoja.

La pili ni maziwa pamoja na kukanda. Unga wa ngano ukipata maji ukakandwa, unatengeneza gluteni, yaani ule mvutano unaoufanya mkate ushikamane. Kwenye mkate tunautafuta, kwenye biskuti tunaukimbia. Kila unavyozidi kulilainisha donge kwa mikono, ndivyo biskuti inavyozidi kukaza.

Shika kanuni ya moja, mbili, tatu kwa uzito. Sukari fungu moja, siagi mafungu mawili, unga mafungu matatu. Yaani sukari gramu 100, siagi gramu 200, unga gramu 300, na chumvi robo kijiko cha chai. Hakuna yai, hakuna maziwa, hakuna beking pauda. Ukikata vipande vya gramu 25 unapata kama 24.

Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka vichanganyike, basi. Chekechea unga na chumvi juu yake. Changanya kwa ncha za vidole mpaka uone chengachenga, kisha zikusanye kwa kuzibana kiganjani. Zikishikana tu, acha. Donge hili halipaswi kung'aa wala kuvutika. Ukilivunja likakatika papo hapo, hapo umepatia.

Sukuma unene usiofika sentimita moja, kata, panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, weka kwenye friji dakika 20 hadi 30. Wakati huo oveni iwe inapata moto wa 170. Zioke dakika 15 hadi 20. Za unene mkubwa zinaweza kuzidi hapo kidogo.

Mama Wawili

Mkuu, ubarikiwe. Sikujua kabisa kwamba kukanda kunaweza kuwa tatizo. Swali: mizani sina. Na hayo mambo ya friji ni lazima? Jioni muda ni mdogo.

Dada wa Vipimo

Dada, kwa kikombe cha kupimia cha mililita 240, inakuja hivi: sukari nusu kikombe, siagi kikombe kimoja pungufu kidogo, unga vikombe viwili na nusu.

Ila angalia unavyoujaza unga. Ukichota kwa kuzamisha kikombe ndani ya mfuko, unaushindilia, na kikombe kilichopaswa kuwa na gramu 120 kinaweza kubeba hata 150. Vikombe viwili na nusu vya namna hiyo vinakuzidishia unga kiasi cha donge kugoma kushikana, na hapo ndipo mtu anakimbilia maziwa. Utikise unga kwanza, utie kwenye kikombe kwa kijiko, halafu kata juu kwa mgongo wa kisu. Na siku ukipata nafasi nunua mizani, hata ndogo. Kwenye mapishi ya vitu vitatu, kimoja kikizidi hakuna cha kukifichia.

Friji: kama siagi ilikuwa baridi na donge halijalegea mkononi, unaweza kuiruka. Chumba kikiwa na joto usiiruke. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 30 na kitu. Biskuti ikiingia kwenye oveni siagi imeshalegea, inatambaa kabla unga haujakaza.

Mzee wa Mizani

Mnamwambia siagi, mwenzenu kaandika majarini. Hapo pana jambo.

Siagi ya kawaida ina mafuta asilimia 80 na kitu, yanayobaki mengi ni maji. Majarini ya kupikia, ile ya kipande kigumu, inakaribia hapo hapo. Ile laini ya kwenye kopo, inayopakwa kwenye mkate hata ikitoka friji, mara nyingi mafuta yake ni pungufu sana, nyingine asilimia 60, nyingine 40. Kilichojaza pengo ni maji. Ukiipima robo tatu ya kikombe unadhani umetia mafuta, kumbe umetia na maji, na maji yakikutana na unga na mikono inayokanda, Fundi ameshaeleza kinachotokea.

Mama, soma kwenye kopo. Kama haifiki 80, iache ibaki ya kupaka mkate.

Mpishi Asiye na Haraka

Natofautiana kidogo na Fundi kuhusu beking pauda. Nusu kijiko cha chai kwa gramu 300 za unga inasaidia, biskuti inakuwa nyepesi, hasa kwa watoto. Siyo kila mtu anapenda ile nzito inayosagika mdomoni.

Fundi wa Oveni

Sikatai, ni ladha ya mtu. Nimemwambia aiache kwa sababu anahangaika na kutawanyika, na beking pauda inaisukuma biskuti juu kisha pembeni. Apatie kwanza bila hiyo, halafu aongeze akitaka. Asije tu akaweka baikabonati badala yake kwa kipimo kile kile. Nguvu yake ni mara tatu hivi ya beking pauda, na bila kitu cha uchachu inaacha ladha ya sabuni.

Mpishi Asiye na Haraka

Hapo sawa. Na atakayeiweka aipime kwanza kama iko hai: kijiko kimoja kwenye maji ya moto, ikitoa mapovu kwa nguvu ni nzima.

Nyongeza nyingine kwa anayetaka zimumunyuke zaidi. Toa gramu 50 za unga wa ngano uweke wanga wa mahindi au unga wa mchele. Hivyo viwili havina gluteni, kwa hiyo donge linakuwa na uwezo mdogo wa kukaza hata mkono ukizidi kidogo.

Muuguzi wa Zamu

Mama Wawili, naomba niguse suala la mtoto, kwa sababu kuvimba midomo baada ya kula yai ni mzio wa kuuchukulia kwa uzito. Kama hajaonwa na daktari, mpeleke, mpate maelekezo ya nini cha kufanya ikitokea tena. Siku akianza kukosa pumzi, kukoroma kifuani, kutapika mfululizo au kulegea, ni hospitali saa hiyo hiyo, msisubiri kuona kama itapungua.

Jikoni nako, trei na mchapo vilivyogusa keki ya mayai vioshwe kwa sabuni kabla ya biskuti zake, kufuta kwa kitambaa hakutoshi. Ukitaka zing'ae juu, paka maziwa, kwa sababu maelekezo mengi husema paka yai. Na watoto wasilambe donge bichi, hata hili lisilo na yai. Unga mbichi haujapita kwenye moto na unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Mama Wawili

Asante sana dada yangu. Daktari alishamwona na dawa zake tunazo nyumbani. La unga mbichi ndiyo kwanza nalisikia, na hawa wangu wanagombania bakuli. Leo wataambulia kuliosha.

Mpenda Chai

Naomba niulize kwa faida ya wengine. Kama mtu hana oveni je?

Dada wa Vipimo

Sufuria nene yenye mfuniko unaobana inafanya kazi. Weka ndani kistendi cha chuma ili trei ndogo au sahani ya bati isiguse kitako, funika, ipashe moto mdogo dakika 10 hadi 15 ikiwa tupu, ndipo uingize biskuti. Pembeni acha nafasi hewa ya moto ipite. Usitumie sufuria ya kutoshika, ile yenye rangi ndani, kwa sababu kuipasha tupu kunaiharibu.

Zitachukua muda zaidi, pengine dakika 25 na kuendelea, na juu hazitapata rangi kama za oveni kwa sababu moto unatoka chini. Usisubiri juu kuwe na rangi. Inua moja kwa kisu utazame chini yake. Ukiona rangi ya dhahabu, epua. Na mvuke unaoganda kwenye mfuniko ufute kila unapofunua, usije ukadondokea biskuti.

Mama Wawili

MREJESHO wakuu.

Nimeoka leo. Siagi ya kipande, vipimo vya dada kwa kikombe, sukari nusu kikombe tu, na nikaipitisha kwenye mashine ya kusagia kwanza iwe laini. Donge lilinitia wasiwasi kwa sababu lilikuwa linamomonyoka, nikatamani maziwa, ila nikakumbuka mliyosema nikaendelea kubana. Likashikana. Badala ya kusukuma nikafanya vidonge nikavibonyeza kwa uma, ile mistari ya uma imebaki vile vile mpaka mwisho. Hakuna iliyoisogelea mwenzake.

Dakika ya 17 nikatoa. Kingo zilikuwa na rangi ya dhahabu, katikati bado nyeupe, ukigusa inabonyea. Kidogo nizirudishe ndani. Nikaziacha juu ya trei, na zilipopoa zikakaza zenyewe, ukivunja unasikia mlio, mdomoni zinasagika. Huyu wangu wa pili kala bila mimi kumchungulia kila dakika, na kwangu hilo ni kubwa kuliko biskuti zenyewe.

Maswali mawili yaliyobaki. Za nyuma ya oveni zimeiva kuliko za mbele, nifanyeje? Na hili donge naweza kulitengeneza Jumapili nikaoka katikati ya wiki?

Fundi wa Oveni

Hongera sana dada. Kuzitoa zikiwa laini ndipo wengi wanaposhindwa, mtu anasubiri zikaze ndani ya oveni, zikifika nje zimeshapitiliza. Ziache dakika tano juu ya trei zijishike, kisha zihamishie kwenye waya ili mvuke utoke chini.

Oveni nyingi zina upande mkali. Igeuze trei nusu ya muda, ya nyuma ije mbele. Kama chini zinawahi kuungua, weka trei mbili, moja juu ya nyingine.

Dada wa Vipimo

Donge linakaa vizuri. Liviringishe liwe gogo la unene wa sentimita nne au tano, lifunge kwa karatasi ya nailoni lisikauke wala lisinuse vitunguu vya kwenye friji. Siku tatu nne halina shida, na ukiligandisha linafika hata miezi miwili. Siku ya kuoka unakata vipande kwa kisu chenye makali, unapanga, unaoka. Lililoganda liache nje dakika chache kwanza, kisu kikipita bila kulivunja ndipo ukate.

Zilizookwa zipoe kabisa kabla ya kuingia kwenye kopo. Ukifunika zikiwa na vuguvugu, mvuke unabaki ndani na kesho utakuta zimelegea. Hata zikilegea usizitupe, zirudishe kwenye oveni ya 150 dakika tano, ziache zipoe kwenye waya.

Mpenda Chai

Kuna anayeweka maganda ya limau au mdalasini? Unaweka wakati gani?

Mpishi Asiye na Haraka

Maganda ya limau yakwangue, ile sehemu ya njano tu, uyasugue na sukari kwa vidole kabla siagi haijaingia. Sukari inayakwaruza, mafuta yake yanatoka. Mdalasini chekechea pamoja na unga, kijiko kimoja cha chai kwa gramu 300. Juisi ya limau usitie, hiyo ni maji kama maziwa yale.