Mfarishi wa mbao wa kutundika nje ya nyumba: plaiwudi ya kupaka rangi, vipande vya kuunga au alumini?

Mtanga_Columbus
Wakuu, habari za Jumapili. Naomba ushauri kwa waliowahi kuifanya kazi hii. Nipo Ohio, na huku ukishatoka mjini unakutana na mabanda ya mashambani yaliyobandikwa ubao mkubwa wa mraba, umechorwa nyota au maua kwa rangi kali kama kipande cha mfarishi wa kitandani, lile shuka zito la vipande vya vitambaa vilivyoshonwa pamoja. Wenyeji wanaita barn quilt. Mama watoto ameupenda sana mtindo huu, na ukuta wa gereji yetu uko mtupu. Unatazama magharibi, kwa hiyo jua la alasiri ni lake na theluji ya Januari ni yake. Tunataka wa futi 4 kwa 4, na tuutengeneze kwa mikono yetu.

Njia nilizoziona ni tatu. Kuna plaiwudi moja unayochora na kupaka kwa msaada wa tepu ya kubandika. Kuna kukata vipande vya mbao, kila kimoja unakipa rangi yake, halafu unavipanga na kuvigundisha kwenye ubao wa nyuma. Na kuna lile bamba la alumini lenye plastiki katikati wanalotumia wachora mabango. Ipi itadumu bila kunirudisha juu ya ngazi kila kiangazi? Vifaa nilivyo navyo ni drili, msumeno wa umeme wa mkono na mashine ya msasa, basi.

Bibi_Cherehani
Baba, umeanzia kwenye ubao wakati kazi inaanzia kwenye nakshi. Chagua nakshi kwanza.

Tena wewe unaishi kwenye chimbuko lenyewe. Mbao hizi zilianzia hapo Ohio, kaunti ya Adams, Oktoba 2001. Donna Sue Groves alikuwa amemwahidi mama yake, Maxine, aliyekuwa mshonaji wa mifarishi, kwamba siku moja atamchorea mfarishi kwenye banda lao kuukuu la tumbaku. Wazo likakua likaacha kuwa la banda moja, wakapanga miraba 20 kuizunguka kaunti ili wageni wawe na njia ya kupita na gari wakitazama. Wa kwanza kupandishwa ulikuwa wa nakshi ya Ohio Star. Leo ziko huku kwetu Iowa, Kentucky, Tennessee, mpaka Canada. Sasa mtu wa Columbus akiniuliza achore nini, mimi jibu ninalo.

Hesabu yake haina mateso. Gawa ubao mara tatu kila upande, upate miraba 9. Kwa inchi 48, kila mraba ni inchi 16. Minne ya kwenye kona inabaki na rangi ya usuli, wa katikati unapewa rangi moja. Ile minne iliyobaki piga mistari miwili ya mshazari, kona kwa kona, kila mmoja utoe pembetatu nne. Kwenye mraba wa juu na wa chini, pembetatu za kushoto na kulia ndizo ncha za nyota. Kwenye miraba ya ubavuni, ncha ni pembetatu za juu na chini. Ukitaka pindo la inchi moja na nusu kuzunguka ubao, inabaki 45, kila mraba inchi 15. Bado namba kamili.

Fundi_Msumeno
Shikamoo Bibi. Umemaliza upande wa nakshi, mimi niingie upande wa ubao.

Kwa ukuta wa nje unaopigwa na jua na theluji mimi ni plaiwudi moja, na si plaiwudi yoyote. Ulizia MDO. Ni plaiwudi ya gundi ya nje iliyofunikwa usoni kwa karatasi nzito yenye utomvu, ndiyo hiyo wanayotengenezea mabango ya barabarani. Uso wake hauonyeshi nyuzi za mti, rangi inalala sawasawa. Plaiwudi ya kawaida ya msonobari ukiipaka leo inapendeza, ila ikipita misimu kadhaa nyuzi zinainuka na rangi inapasuka kwa mistari myembamba. Karatasi nzima ni futi 4 kwa 8, waambie dukani wakukatie katikati, tayari una mbao mbili. Unene wa nusu inchi unatosha. Zile za mashambani mara nyingi ni futi 8 kwa 8, yaani karatasi mbili nzima zimewekwa pamoja, wewe hauko huko.

MDF ya kawaida, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, usiiguse kwa nje hata kwa bei ya bure. Jirani yangu alipaka uso vizuri kabisa, chini akaacha vile vile. Ukingo wa chini ulivimba kama mkate uliolowa chai, rangi ikabanduka kwa magamba, na ukiubonyeza kwa kidole unaingia. Maji hayaanzii usoni, yanaanzia ukingoni. Hata MDO, kingo zote nne zipe praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, mara mbili au tatu, na nyuma pia upake. Ubao uliopakwa upande mmoja tu hupinda.

Kiroboto_wa_Mji
Kwani si mnunue iliyokwisha chorwa? Zimejaa mtandaoni. Mada imeisha.

Mtanga_Columbus
Mkuu, nikinunua hawa watoto wawili watapaka nini?

Fundi, nimekuelewa. Na njia ya vipande je? Nimeona picha, zile mbao za asili zilizopangwa zina mvuto kuliko rangi tupu.

Mama_Neema_Dayton
Hapo niachieni mimi, kaka. Wangu ni wa vipande, upo juu ya meko sebuleni, na kila mgeni anauliza. Uzuri wake ni kwamba vipande vinaweza kuwa na unene tofauti kidogo, hivyo mwanga wa dirishani unatengeneza vivuli. Na si lazima upake rangi vyote. Wangu una mbao za zamani za paleti ya kubebea mizigo, nyingine nimeziacha na ukijivu wake, nyingine nimezipa rangi ya kahawa.

Lakini nakuambia ukweli, msumeno wako wa mkono hautakufikisha kwenye nyota. Ohio Star ya vipande ina pembetatu 16, na kila moja lazima ikatwe kwa digrii 45 sawasawa. Ukikosea kidogo kwenye ya kwanza, ikifika ya mwisho una mwanya wa kuingiza sarafu. Kwa vifaa vyako chagua Log Cabin. Katikati mraba mdogo, kwa desturi mwekundu, wanasema ndio moto wa nyumbani, halafu unauzungushia vipande virefu, nusu moja ya ubao rangi za mwanga, nusu nyingine za giza. Mikato yote ni ya pembe mraba, mtoto wa darasa la sita anaweza kukushikia rula.

Nje? Hapana. Kila mwanya kati ya vipande ni mfereji wa maji, na Ohio maji yakiganda ndani ya mwanya yanausukuma. Ndani ya nyumba au kwenye baraza lenye paa, sawa.

Mchora_Mabango
Niko Minneapolis na kazi yangu ni mabango, kwa hiyo alumini naifahamu. Haiozi, haipindi, na ni nyepesi, utaipandisha peke yako. Kasoro ni tatu hivi. Uso wake ni laini mno, usipoukwaruza kwa msasa mwembamba na kutumia praima ya kushika chuma, tepu itang'oa rangi yote mbele ya macho yako. Kingo zake zinakata mkono, na wewe una watoto. Na ukiwa karibu, mtu anaona ni bango. Mimi nyumbani kwangu nimetumia MDO, ingawa alumini ninayo kazini mabaki tele.

Mkulima_wa_Njoro
Wadau, mada tamu. Na sisi tulio Kenya tufanye nini? Huku Njoro nimeulizia hiyo MDO hadiwea wakanitolea MDF. Marine board ndiyo iko, ile ya kahawia inayong'aa. Nataka ya futi 2 kwa 2 juu ya mlango wa stoo.

Fundi_Msumeno
Karibu ndugu. Marine board ile inayong'aa imefunikwa plastiki ya kuzuia saruji isishike, maana wajenzi huitumia kumwagia zege. Kinachozuia saruji kinazuia na rangi. Ukiitumia, piga msasa mpaka mng'ao wote uishe, ndipo praima. Au tafuta plaiwudi ya nje isiyo na ule mfuniko, mradi gundi yake iwe ya kustahimili maji. Njia nyingine: mwambie seremala akuungie mbao za msaiprasi zilizokauka vizuri na kuzipiga randa. Kwa futi 2 kwa 2, mraba mmoja wa Ohio Star unakuja inchi 8. Theluji huna, adui wako ni jua na mvua ya kusukumwa na upepo. Kama stoo ina paa lililotokeza, umeshapunguza nusu ya tatizo.

Mzee_wa_Msasani
Msije mkahangaika bure na rangi za maji. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960 mwishoni kwenye hardibodi, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na picha za wakati ule bado zinang'aa. Rangi ya mafuta ndiyo rangi.

Mchora_Mabango
Mzee wangu, shikamoo. Picha zile zimekaa ndani ya nyumba. Ukutani nje hadithi ni nyingine. Rangi ya mafuta inaendelea kuwa ngumu mwaka hadi mwaka, ubao unavimba na kusinyaa, rangi haiwezi kuufuata, inapasuka. Akriliki ya nje ya maji hubaki na mnyumbuko. Nikubaliane nawe jambo moja: mng'ao wa rangi ya mafuta hauna mpinzani.

Kitu ambacho hamjasema ni kufifia. Kwa ukuta wa magharibi, nyekundu kali na njano kali ndizo zinazokimbia mwanzo. Nyekundu ya udongo, ile ya oksidi ya chuma, inakaa. Hata mabanda ya zamani ya Marekani yalipakwa hiyo hiyo ikichanganywa na mafuta ya kitani, ndiyo maana mengi ni mekundu. Bluu iliyokolea na nyeupe pia ni salama.

Bibi_Cherehani
Na tepu je? Wengi wanaharibia hapo. Paka ubao wote rangi ya usuli kwanza, ile nyepesi kuliko zote. Ikikauka chora mistari kwa penseli, kwa mkono mwepesi. Bandika tepu, kisha pitisha kadi ya benki juu ya ukingo wake ukiikandamiza kuanzia kona hadi kona. Halafu, kabla ya rangi mpya, pitisha tena rangi ile ile ya usuli juu ya ukingo wa tepu. Kama kuna upenyo, usuli ndio utakaopenya na kuuziba, na hutauona. Ndipo upake nyekundu yako, mara mbili nyembamba, si mara moja nzito. Tepu ing'oe wakati rangi ya mwisho bado haijakauka kabisa, ukiivuta kuirudisha juu yake yenyewe, polepole.

Usiweke tepu juu ya rangi uliyoipaka asubuhi hiyo. Ukiigusa ni kavu, ila haijashika. Ipe siku nzima. Na pembetatu mbili zinazogusana hazipakwi pamoja, kwa hiyo watoto wajue mapema kuwa kazi ni ya wikiendi zaidi ya moja.

Mama_Neema_Dayton
Vanishi juu yake mnapaka?

Mchora_Mabango
Kwa wa ndani, ukipenda. Kwa nje mimi sipaki. Akriliki ya nje imetengenezwa ikae yenyewe, na vanishi nyingi za poliuretani jua linazigeuza njano na kuzibandua. Siku ukitaka kurudishia rangi utalazimika kuikwangua kwanza.

Mtanga_Columbus
Nimeamua: MDO, Ohio Star, nyekundu ya udongo, bluu na krimu. Sasa kuutundika. Ukuta wangu una yale mabamba ya plastiki ya vinili.

Fundi_Msumeno
Tafuta nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta, kwa kawaida zimepishana inchi 16 katikati hadi katikati, kwa hiyo ubao wako utazipata angalau mbili. Kata kipande cha mbao ngumu kwa urefu, msumeno ukiwa umelazwa digrii 45, upate vipande viwili vinavyoumana. Kimoja funga ukutani, kingine nyuma ya ubao kikitazama kinyume, halafu unauning'iniza tu. Inchi moja ya hewa inabaki nyuma, maji yanakauka. Vinili huvutika na kusinyaa kwa joto, kwa hiyo toboa tundu kubwa kuliko skrubu, na usikaze hadi vinili ibonyee. Chini, nyuma ya ubao, weka vipande viwili vya mbao vyenye unene ule ule, upepo usiupigishe ukutani.

Kiroboto_wa_Mji
Swali la mwisho kutoka kwa mchokozi. Chama cha wenye nyumba cha mtaa wenu kimeruhusu?

Mtanga_Columbus
Duh. Barua yao ya mwisho ilikuwa kuhusu rangi ya mlango. Kesho nawaandikia kabla sijanunua hata brashi.

Mama_Neema_Dayton
Wakikataa una baraza la nyuma lenye paa? Kama lipo, rudi kwangu tuongee Log Cabin. Msumeno wa pembe nitakuazima.