USHAURI: Nina mimba changa, shifti ya usiku sheli naimalizaje?

Kijana wa Ipagala (mleta mada)
Habari za usiku wakuu. Niko hapa Dodoma, nauza mafuta kwenye sheli moja barabara ya Morogoro, naingia saa mbili usiku natoka saa mbili asubuhi. Nina mimba changa na harufu ya petroli sasa hivi inanimaliza. Jana nimemjazia boda, kichefuchefu kikanibana, nikakimbilia nyuma ya mitungi ya gesi kutapika. Kurudi, boda hayupo na hela hajalipa. Shoti nakatwa mimi. Kuna dawa ya kuzuia kutapika niweze kumaliza shifti? Matusi sitaki.

Mama Wawili
Hongera kwanza mdogo wangu. Mimba ya huyu wangu wa kwanza ilinikuta nakaanga chipsi pale Sabasaba, mafuta yakichemka tu na mimi nachemka. Nilipona kwa ndimu na chumvi, na udongo. Udongo niliula mpaka mama mkwe akasema nitazaa tofali 😂

Mzee Kizota
Mumeo yuko wapi wewe ukeshe barabarani na malori? Zamani mjamzito alikuwa anatunzwa.

Mama Wawili
Zamani ipi hiyo mzee? Bibi yangu kalima mtama mpaka siku ya uchungu.

Nesi Mstaafu
Udongo acheni, unawamaliza damu na kuwapa minyoo. Dada, usiingie shifti na tumbo tupu. Tafuna biskuti kavu au muhogo kidogo kidogo, tangawizi pia inasaidia. Kwa wengi hali hutulia baada ya mwezi wa tatu. Dawa ya kutapika usijinunulie tu duka la dawa, uandikiwe. Kliniki umeanza? Inatakiwa kabla ya wiki 12. Na kuna maumivu au damu yoyote?

Kijana wa Ipagala
Asante mama. Kliniki bado, ofu ni ngumu. Kazini hawajui, niko majaribio, miezi sita inaisha mwisho wa mwezi huu ndiyo nisaini mkataba.

Nesi Mstaafu
La damu hujajibu.

Kijana wa Ipagala
Ni matone tu tangu juzi, na kiuno. Kidogo sana lakini. Shoga yangu alitokwa hivyohivyo na mtoto sasa anatembea. Nishapanga, nikisaini tu naenda. Nikiomba ruhusa sasa hivi watajua, na wa kuishika pampu yangu wamejaa getini.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, achana na habari ya harufu. Si kila damu ni mimba kutoka, lakini hakuna wa kukupima humu. Inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi, na hiyo inaua. Ukitoka asubuhi pitiliza hospitali wakupige ultrasaundi, usipitie nyumbani kulala. Tumbo likikaza upande mmoja, ukasikia kizunguzungu au bega kuuma, pampu iache hapohapo.

Wakili wa Mtaa
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mjamzito kupangiwa usiku miezi miwili kabla ya kujifungua. Hata mapema zaidi, ukiwa na cheti cha daktari kwamba usiku haukufai, usipangiwe. Na kukubagua kwa sababu ya mimba ni kosa. Hizo saa za usiku, wanakuongeza ile asilimia 5 ya mshahara?

Kijana wa Ipagala
Asilimia gani tena kaka? Mimi najua shoti tu.

Chumvi ya Manyoni
Wakuu mnakunywa chai bila vitafunwa. Huyu mwezi uliopita kwenye matangazo alikuwa anauza pikipiki, kaandika "mimi baba wa mtoto mmoja, naomba mniamini". Leo ana mimba. Hongera baba!

Mzee Kizota
Nilijua tu. Vijana mnatupotezea bando.

Kijana wa Ipagala
Akaunti ni ya mume wangu, yuko Kahama, kaniachia simu yake ya zamani. Asiyeamini apite.

Mama Wawili
Haya. Kwa hiyo akiingia humu anasoma kila kitu. Kuhusu damu umemwambia?

Kijana wa Ipagala
Sijamwambia. Atapanda basi aje, na yeye yuko kibarua.

Nesi Mstaafu
Chai au si chai, kuna anayesoma hapa kimya ana hali hiyohiyo, jibu langu ni lilelile. Wewe dada, kesho asubuhi unaenda?

Kijana wa Ipagala
Jumatatu. Jumatatu nina ofu.

Nesi Mstaafu
Leo Alhamisi!

Chumvi ya Manyoni
Shemeji, kama kweli ni wewe, samahani na nenda hospitali. Ila ile pikipiki bado ipo?