Ngalawa kwenye kusi kali, mnaishika vipi?

Wadau asalaam alaykum. Niko Jambiani, nina ngalawa ndogo ya tanga, upepo wa kaskazi hauna shida lakini kusi likishika hasa likija na vishindo vya upepo inalala mpaka tengo la chini (ubao wa pembeni wa kuelea) linazama, usukani nao unakuwa mzito vibaya. Na nikisimama kuvua inageuka ubavu kwa mawimbi. Mnafanyaje?

—Bahari_Kojani: Yakhe, demani (kamba ya kuvutia tanga) umeifunga au umeishika mkononi? Usiifunge kabisaa wakati wa kusi, izungushe mara moja tu kwenye mti halafu mwisho ushike wewe, kishindo kikija unalegeza tanga linapepea chombo kinainuka, kikipita unavuta tena. Na mwenzio akae kwenye tengo la juu kwa joshini (upande upepo unakotoka), asijikunyate tezini (nyuma). Usukani mzito ni tanga kubwa hilo, tia dogo.

—Mvuvi wa Nungwi: Kuvua, funga ndoo kwa kamba omoni (mbele ya chombo) uiachie majini, itavuta omo ielekee upepo.

—Bahari_Kojani: Ndoo ya plastiki mshikio unang'oka lol, mie natumia gunia nimelitia pete mdomoni.

—mamake_Shuu: Mmesahau mlango wa mwamba, pale pa kupitia kwenye miamba kutokea bahari kuu. Maji yakiwa yanatoka na kusi inaingia, pale mawimbi yanasimama wima, subiri yajae kwanza. Na sikilizeni tahadhari za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) jamani, jaketi la kuokolea pia, sio la kukalia.

—Muulizaji: Shukran, kesho nashona tanga dogo.